Mbwa wa Katikati ya Kitabu

Baba alinipigia simu mwezi uliopita kuniambia ameiuza kirikuu. Hakuiuza kama gari, alisema, ameiuza kama vyuma. Fundi mmoja wa Mwandiga alichukua injini, mwingine akachukua matairi, na bodi ikapakiwa juu ya fuso ikaenda zake kupimwa kwa kilo. Aliniuliza kama kuna kitu chochote ningependa aniwekee. Nilifikiri kidogo, nikamwambia ningependa harufu yake. Akacheka, akasema hiyo hata mnunuzi wa vyuma hakuitaka.

Harufu yenyewe ilikuwa ya dagaa wakavu, petroli, na sponji la viti lililolowa mvua likakaukia humo humo. Ukiongeza mawese yaliyomwagika siku Mama alipoyapeleka sokoni, umepata utoto wangu karibu wote. Baada ya simu ile nilibaki jikoni nikijaribu kuikumbuka, kama mtu anayetafuta jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza, na kilichonijia kichwani hakikuwa gari. Kilikuwa kitabu.

Kirikuu yetu ilitoka Japani ikiwa imeshatumika, kama zilivyo nyingi. Baba aliifuata Dar es Salaam, akaiendesha mwenyewe hadi mtaa wa Buzebazeba, Kigoma, akaingia nayo uani kwetu jioni akiwa na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Ilikuwa nyeupe, ndogo, uso bapa kama wa mtu aliyebandika pua kwenye kioo, na nyuma ilikuwa na bodi fupi ya kubebea mizigo. Kazi yake ingekuwa kupeleka dagaa Mwandiga kutoka mwaloni Kibirizi, wavuvi wanakoshushia samaki, na kurudi na ndizi. Majirani walikuja kuizunguka, wakakubaliana kwamba ni ndogo lakini ina heshima zake. Kilichowashughulisha zaidi ni maandishi ya mlangoni. Yalikuwa ya Kijapani, ya buluu, yamepangwa kutoka juu kwenda chini kama matone ya mvua kwenye dirisha.

Kila mtu alikuwa na maoni. Mmoja alisema ni bei, na kwamba Baba kapunjwa. Mwingine akasema ni jina la marehemu aliyekuwa na gari hilo, jambo ambalo Mama hakulipenda hata kidogo. Mwishowe akaitwa Mwamini. Huyu alikuwa rafiki yangu wa nyumba ya pili, mtoto wa familia ambayo asili yake ni ng'ambo ya ziwa, Kongo, na kila alasiri alikwenda madrasa. Alikuwa anasoma Kiarabu, na kwa watu wa mtaani kwetu mtoto anayeweza maandishi ya kigeni ya aina moja hawezi kushindwa na ya aina nyingine. Mwamini aliyatazama kwa muda mrefu, kidole kikifuata kila mstari, kisha akatangaza kwamba ni dua ya safari. Meno yake ya mbele yalikuwa bado hayajaota vizuri, lakini hakuna aliyebisha. Kuanzia siku hiyo wachuuzi wa dagaa walikuwa wakiugusa mlango ule kabla ya kupakia mizigo yao. Miaka mingi baadaye nilimwonyesha picha ya mlango huo kijana mmoja wa ofisini kwetu anayependa sana anime, simu yake ikamtafsiria. Lilikuwa tangazo la dobi.

Injini ya kirikuu iko chini ya kiti. Ukitaka kuiona unainua kiti kizima, na Baba alipokiinua wiki ile ile alikuta kitabu kimekwama nyuma yake. Kilikuwa kinene kama Biblia ya Mama. Karatasi zake zilikuwa na rangi ya ugali wa muhogo uliopoa, jalada limechanika pande zote mbili, na panya, sijui wa Japani au wa kwetu, walikuwa wamekula pembe zote za kurasa. Ndani kulikuwa na picha nyeusi na nyeupe, na maneno ndani ya viputo. Siku hizi watoto wa mjini wote wanajua kwamba hiyo ni manga. Sisi tulikiita kitabu cha kirikuu. Mama alikitaka kiwe cha kuwashia jiko, lakini Dada Skola alikuwa ameshakiwahi.

Dada Skola ndiye mkubwa wetu. Jina lake kamili ni Skolastika, na wakati huo alikuwa amemaliza kidato cha nne akisubiri maisha yamwambie la kufanya. Kwa kuwa Mama alishinda sokoni, Dada ndiye aliyenilea. Aliniogesha, alinisuka, alinichapa, na baada ya chakula cha mchana, vyombo vikiwa bado vichafu, alikaa na mimi kwenye mkeka akanisomea kitabu cha kirikuu.

Kilihusu msichana mwenye nywele fupi na kigari chake. Kigari chenyewe kilikuwa pacha wa kirikuu yetu, hata zile taa za mviringo, ndiyo maana niliamini kwamba aliyekichora aliwahi kuja uani kwetu. Tangu siku hizo nimetazama katuni nyingi za Kijapani zenye vyombo vya ajabu, mashine za kuruka na magari yenye akili za watu, lakini sijaona safari iliyoniingia kama ile. Kulikuwa na ukurasa ambao kigari kiko juu ya kivuko, kimefungwa kwa kamba kama mbuzi, na mawimbi ni makubwa kuliko kivuko chenyewe. Kulikuwa na ukurasa ambao kimezama mtoni hadi kwenye taa na ng'ombe wanakivuta, na nyuso za ng'ombe hao zilionyesha kabisa kwamba kazi hiyo hawakuiomba. Kwenye daraja la kamba msichana alitembea mbele kinyumenyume akikiita kigari kwa mikono miwili, na hatukuwahi kuelewana ni nani aliyekuwa kwenye usukani. Na katikati kulikuwa na kurasa mbili zilizoungana, hazina hata neno moja, mlima mkubwa na barabara na kigari kidogo kama punje ya mchele. Hapo Dada Skola naye alikuwa ananyamaza. Aliniacha niutazame mlima, halafu ndipo akafunua ukurasa mwingine.

Kwa jinsi tulivyokishika, kitabu kilianza vibaya. Kigari kimekufa kando ya maji, mlango mmoja haupo, na msichana anatembea kwa miguu na begi mgongoni, mbwa wake pembeni. Lakini kadiri kurasa zilivyosonga ndivyo kigari kilivyopona. Mlango ulirudi. Taa iliyovunjika ikawa nzima. Michubuko ikafutika mmoja baada ya mwingine. Dada Skola alinieleza kwamba msichana alikuwa anakitengeneza njiani kidogo kidogo, na mimi niliona ni sahihi kabisa, kwa sababu Baba naye alikuwa akifanya hivyo hivyo kila Jumapili. Mwishoni kabisa kigari kinang'aa, kimesimama mbele ya nyumba, na mzee yuko mlangoni ameinua mkono. Msichana amefika nyumbani.

Huzuni ilikuwa moja tu, ya mbwa. Baada ya kurasa za mlima msichana anasimamisha kigari kwenye mvua, anamshusha mbwa kando ya barabara, na tangu hapo mbwa haonekani tena. Nililia kila tulipofika hapo. Dada Skola alisema mbwa naye alikuwa amefika kwao. Sikuridhika, lakini nilimwamini, kwa sababu nilijua anasoma. Nilimwona akifuata viputo kwa kidole na kubadilisha sauti, nene kwa wazee na nyembamba kwa msichana, na kwa akili yangu kidato cha nne kilikuwa ni mahali ambapo watu hufundishwa lugha zote.

Siku Mwamini alipokuja kukiona kitabu, alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akakifungua kutoka upande wa pili. Hakufikiri hata kidogo. Alikifungua kama alivyokuwa akifungua juzuu yake ya madrasa. Nikamwambia anaanzia mwisho. Akaniambia mimi ndiye ninayeanzia mwisho, kila siku, na sijajua.

Tukakaa tukakisoma kwa njia yake, na kila kitu kikawa kinyume. Sasa mzee alikuwa anamuaga msichana. Kigari kilichong'aa kiliondoka nyumbani, kikapata mchubuko wa kwanza, kikapoteza taa, kikapoteza mlango, kikafa kando ya maji, na msichana akaenda zake kwa miguu mahali ambapo kitabu hakikusema. Ila kwenye mvua, badala ya kumshusha mbwa, alimwokota. Alimwona amelowa kando ya barabara, akampandisha, na mbwa akakaa naye hadi picha ya mwisho. Mwamini alisema hata kwenye daraja ilikuwa wazi sasa nani aliyekuwa anaendesha. Ni mbwa.

Nilimwambia kitabu chake ni kibaya, msichana harudi kwao. Akanijibu kwamba changu ndicho kibaya, msichana anatupa mbwa. Tulinuniana hata tukawa tunapita njia tofauti kwenda bombani. Bibi yake, mama mmoja mnene mwenye Kiswahili cha ng'ambo, alitukuta tumegeuziana migongo kwenye ngazi za nyumba yao, akauliza, "Muko nafanya nini hapo, batoto?" Kila mmoja alimngoja mwenzake aone aibu kwanza.

Kilichotupatanisha ni wageni kutoka Kalinzi. Walikuja mara ya kwanza wakanywa soda na kuondoka. Walikuja mara ya pili wakiwa wengi zaidi, na mimi nikafukuzwa sebuleni. Mara ya tatu nikaelezwa kwamba kijana mrefu aliyekuwa akikaa pembeni bila kusema ni Mwalimu Gervas, anafundisha shule ya msingi huko mlimani, na Dada Skola ataolewa naye. Nililipokea vizuri. Nilidhani kuolewa ni sherehe, na sherehe ikiisha watu hurudi nyumbani. Ni Mama, akiwa anakunja nguo na kuimba, ndiye aliyesema kwamba Skola ana bahati, hatakodi gari, kirikuu ndiyo itakayompeleka kwake.

Nilivyojua mimi, kwake kulikuwa hapa. Nilisimama pale mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba suala la kitabu kinaanzia wapi halikuwa mchezo. Kama kinaanzia upande wangu, kigari ni kitu kinachorudisha watu. Kama kinaanzia upande wa Mwamini, kinawachukua.

Nilikwenda kwa kina Mwamini nikamweleza. Alinisikiliza bila kunikumbusha ugomvi wetu, na kwa hilo bado namshukuru. Tukachukua kitabu tukamfuata Dada Skola, aliyekuwa uani anachagua mawe kwenye mchele wa harusi, ungo mapajani.

"Dada," nikamuuliza, "hiki kitabu kinaanzia wapi?"

Alikishika, akatazama upande huu, akatazama upande ule. "Sijui," akasema.

"Si huwa unakisoma?"

"Kusoma wapi, mdogo wangu. Nilikuwa natunga."

Sikuelewa mara moja. Nilimtazama kama mtu aliyenieleza kwamba ziwa ni la kuchora. Sauti zote zile, mzee, kaka wa kivuko, mama wa ng'ombe, yote yalikuwa yametoka kichwani mwake. Mwamini, ambaye alikuwa na adabu kuliko mimi, alisema taratibu kwamba hata hivyo alitunga vizuri. Ndipo nikauliza swali nililokuwa nimelileta. Je, yule msichana anakwenda au anarudi?

Vidole vya Dada Skola vilisimama ndani ya mchele. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuizoea, "Hata mimi ningependa kujua."

Tuliondoka pale tukiwa na kazi. Mwamini ndiye aliyefikiri, nami nikakubali. Alisema kitabu kinaharibika kwa sababu ya mbwa. Upande mmoja anaachwa katikati ya njia, upande wa pili anaokotwa katikati ya njia, kwa hiyo safari haiko sawa. Lakini kama mbwa ataondoka nyumbani na kufika hadi mwisho, kitabu kitakuwa sawa kwa pande zote mbili na hakuna atakayepotea. Hadi leo sijaweza kueleza kosa la hoja hiyo liko wapi, ila najua lipo.

Mbwa tuliyempata alikuwa wa buchani, yaani si wa mtu. Alikuwa wa kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Asubuhi ya harusi, watu wakiwa wanavaa, tulimvuta kwa dagaa mmoja mmoja hadi uani. Mwamini alielekeza kazi yote kwa fimbo ndefu bila kumgusa, kwa sababu mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba na yeye alikuwa amevaa gauni jipya. Mimi nilimnyanyua, nikamwingiza chini ya turubai la kirikuu, kati ya godoro na sanduku la vyombo, nikamwachia dagaa waliobaki. Alijikunja akatulia, kana kwamba siku zote alikuwa akiingoja nafasi hiyo.

Baada ya misa ya ndoa Mwalimu Gervas na watu wake walitangulia kwao kutuandalia mapokezi, nasi tukafuata. Baba aliendesha, Dada Skola pembeni yake na shela lake, na nyuma juu ya mizigo tulikaa mimi na shangazi zangu wawili waliokuwa wakiimba. Kupitia kioo kidogo cha nyuma niliona mabega ya Dada yakitikisika. Alilia tukiwa Buzebazeba, akalia tulipopita Mwandiga, na barabara ilipoanza kupanda na hewa kuwa ya baridi bado alikuwa analia, polepole, bila kupangusa. Shangazi walisema bibi harusi hulia, ndiyo adabu. Mimi niliweka mkono chini ya turubai, nikagusa manyoya, nikatulia.

Kalinzi tulipokelewa na ukungu na matope. Tulipoacha lami kuelekea kwa kina Mwalimu Gervas, kati ya migomba na mikahawa, kirikuu ilizama. Matairi yalizunguka bila kwenda popote. Nyumba ilikuwa inaonekana pale juu, na watu wake wakashuka kutusaidia, wanaume kwa majembe, bibi wawili watatu wakitupigia makofi na kutusalimu kwa Kiha, na Mwalimu Gervas mwenyewe ndani ya suti yake akatangulia kuingia topeni. Wakashika bodi, wakasukuma, kirikuu ikaruka kidogo, na turubai likaanza kutembea.

Mbwa alitoka taratibu. Mdomoni alikuwa na mkia wa mgebuka, samaki wa ziwani kwetu. Nilikuwa sijui kwamba kwenye sanduku lile Mama alikuwa ameweka migebuka iliyokaushwa, zawadi ya wakwe, na mbwa alikuwa ameianza tangu Mwandiga. Alisimama juu ya godoro la bibi harusi, akawatazama wakwe wote waliokuwa pale, kisha akajikung'uta na kumrushia Shangazi Veneranda magamba ya samaki kwenye kitenge kipya.

Baba alikuwa ameteremka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta njia ya kurudi Kigoma kwa miguu. Bibi mmoja akauliza kwa Kiha huyu ni wa nani. Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mkono wangu ulikuwa bado uko kwenye turubai.

"Ni wa Dada," nikasema.

Mwalimu Gervas, matope hadi magotini, alimtazama mbwa, akamtazama mke wake dirishani. "Na huyu naye nimemwoa?" akauliza.

Ndipo nikamsikia Dada Skola. Kwanza nilidhani kilio kimezidi. Lakini alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha uani kinachoanzia puani, na kadiri alivyojaribu kukizuia ndivyo kilivyozidi. Shela likamdondoka. Akaufungua mlango, akateremka topeni na viatu vyake vyeupe, akaegemea kirikuu akicheka huku bado machozi yanamtoka. Bibi wakaanza kucheka, shangazi wakafuata, Shangazi Veneranda akawa wa mwisho. Gari lilisukumwa na watu wanaocheka, na likatoka. Dada Skola hakupanda tena. Alipanda mlima ule kwa miguu pamoja na mume wake, viatu mkononi, na mbwa akawatangulia kama mwenyeji.

Kesho yake nilirudi na Baba kwenye kirikuu tupu, nikakaa pale alipokuwa amekaa Dada. Baba si msemaji. Tulikuwa tumeshateremka sana, ziwa linaanza kuonekana, aliponiuliza kwa nini. Nikamweleza kitabu chote, upande wangu na upande wa Mwamini, ng'ombe, daraja, mvua, vyote. Alisikiliza hadi Mwandiga. Mwisho akasema tu kwamba siku nyingine samaki wakae mbele.

Nyumba ilikuwa kubwa mno bila Dada. Mama alinisuka kwa haraka na kwa nguvu. Mchana nilikaa mkekani na Mwamini, ambaye sasa ndiye aliyetunga maneno, na watu wake wote, hata ng'ombe, walizungumza kama ustadhi wake. Nilisoma kwa njia yake bila kubishana. Nilikuwa nimeshakubali kwamba ameshinda.

Halafu siku moja ya soko, siku ya kawaida kabisa, bodaboda ilisimama mbele ya nyumba yetu. Nyuma yake alikaa Dada Skola na mkungu wa ndizi mapajani, sandali miguuni, kitambaa kichwani. Alikuwa amekuja mjini kununua sabuni na chumvi. Nilitazama barabara nyuma yake kuona kama kuna msafara wowote. Hakukuwa na kitu. Aliingia, akaniuliza kama kuna ugali umebaki, akala amesimama. Alisema mbwa analala kwenye vitanda vya kukaushia kahawa, na mama mkwe wake ndiye anayemlisha kwa siri. Alisema Kalinzi kuna baridi hadi maji ya kunawa yanauma. Kisha akakaa mkekani, akanivuta kati ya magoti yake, akaanza kunisuka.

Kabla hajamaliza, mawingu yakashuka, na dereva wa bodaboda akaja kusema kama ni kuondoka ni sasa. Dada akaniambia upande uliobaki atamalizia akija tena.

Sikumsindikiza. Mwamini alikuwa ameniita tukacheze rede, na Dada alipokuwa anaagana na Mama mimi nilikuwa uwanjani, kichwa kimesukwa upande mmoja, upande wa pili umesimama wima. Nilisikia pikipiki ikipita. Nilijua ni yeye, nikaendelea kucheza, kwa sababu mpira ulikuwa unakuja.